Maswali ya Wasomaji: Takataka Kwanza, Panga Baadaye

Barua nyingi zilizotufikia safari hii zimetoka kwa vikundi vya kujitolea vinavyosafisha njia za matembezi za msituni na kandokando ya mito. Wengi wameshafanya kazi ya siku moja, wakafurahi, halafu wakarudi baada ya mvua na kukuta pamefunga upya. Kwa hiyo tumezipa nafasi kubwa barua zinazouliza juu ya mpangilio wa kazi na juu ya kinachofuata baada ya siku ya kwanza, maana hapo ndipo kazi hii hufaulu au hupotea.

SWALI: Sisi ni watu 20 hivi. Tumepata kibali cha kusafisha njia ya matembezi yenye urefu wa kilomita 3. Lantana, kile kichaka cha kigeni chenye miiba kinachosonga mimea mingine, imeiziba sehemu kubwa na takataka ni nyingi. Tuanzie wapi, na je, tufanye yote mawili siku moja?
Katibu wa kikundi

JIBU: Kilomita 3 msizivamie kwa mkupuo. Vikundi vingi huanzia pale palipoharibika kuliko pote, kwa kuwa ndipo panapotia uchungu. Watu huchoka hapo hapo, na eneo walilofyeka hubaki udongo mtupu ambao hauna mmea wa asili jirani wa kuuziba. Mbegu vamizi zilizokuwa zimelala ardhini hupata jua kwa mara ya kwanza, na zote huota kwa pamoja.

Fanyeni kinyume chake. Anzieni palipo pazuri, penye mimea mingi ya asili na mimea vamizi michache tu. Ng'oeni hiyo michache, kisha msogee taratibu kuelekea palipofunga. Utaratibu huu ulianzishwa na ndugu wawili wa kike, Joan na Eileen Bradley, waliokuwa wakirudisha uoto wa asili huko Sydney, Australia, katika miaka ya 1960. Walishika mambo matatu. Kwanza, kutoka penye uzima kwenda penye uharibifu. Pili, kuchimbua udongo kidogo kadiri inavyowezekana na kuufunika tena kwa majani makavu yale yale. Tatu, kutokwenda mbele haraka kuliko mimea ya asili inavyoweza kujaza nafasi. Hilo la tatu ndilo gumu kwa kikundi, kwa sababu mtu aliyeshika panga anapenda kuona eneo limekuwa jeupe. Kiongozi wenu lazima awe na moyo wa kusema "hapa tumefika, tusiendelee" hata nguvu zikiwa bado zipo.

Takataka na mimea mnaweza kuvifanya siku moja, ila kwa mpangilio: takataka ziokotwe kwanza, panga lifuate, kisha watu wawili wapite tena na gunia. Zipo sababu tatu. Matawi yakishaangushwa hufunika kila kitu kilichokuwa chini, na hamtakiona tena mpaka yakauke. Panga likigonga chupa ya kioo iliyojificha kwenye majani, vipande huruka hadi usoni. Ya tatu husahaulika sana: fyekeo likipita juu ya chupa ya plastiki au mfuko mkavu uliochomwa na jua, huupasua vipande vidogo mno visivyookoteka, na hivyo hubaki udongoni. Ule mzunguko wa mwisho nao una kazi yake, kwa kuwa kichaka kikiondolewa ndipo takataka za miaka iliyopita huonekana.

Gawanyeni njia katika vipande vya mita 100 na kila mpaka uwe na kigingi chenye namba. Kila upande wa njia uwe na watu wawili: mmoja ana kibanio kirefu cha kuokotea, mwingine ana magunia mawili, moja la vitu vinavyorejelezwa na jingine la takataka nyingine. Gunia lijazwe theluthi mbili tu ili mdomo wake ufungike, na lisizidi kilo 15. Likizidi hapo litaburutwa, na likiburutwa litapasuka. Kitu kikubwa, kama bati au ubao, kikiinuliwa kivuteni ukingo wa mbali kuelekea kwenu, ili kama kuna nyoka chini yake kitu hicho kiwe kati yenu na yeye.

Vifaa vya watu 20 si lazima viwe mapanga 20. Panga 4, mikasi mikubwa ya kupogolea 4, misumeno ya mkono 3, sululu 3, mtaimbo 1, majembe ya meno 3 na reki 2 vinatosha, maana wengine wanabeba, wanapanga marundo au wanaokota. Wenye panga wakae mbali wao kwa wao, angalau mita 3. Glavu ziwe za ngozi kwa miiba na za mpira mzito kwa takataka. Maji yasipungue lita 2 kwa kila mtu kwa asubuhi moja.

Hatuwezi kuwaambia mtamaliza lini, lakini mnaweza kujipimia. Katika siku ya kwanza wapeni watu wawili eneo la mita 5 kwa 5 lenye lantana nene, muone saa moja ikiisha wamefika wapi. Hicho ndicho kipimo chenu, na mipango yote itokane nacho.

SWALI: Tulifyeka lantana yote pembeni mwa njia, ikalala chini. Baada ya miezi miwili imerudi, tena nene kuliko ilivyokuwa. Tumekosea nini?
Msomaji aliyekata tamaa

JIBU: Mmeipogoa. Lantana hukatwa juu ikachipua kutoka kwenye kile kifundo kinene, pale mashina yanapokutana na mizizi, na shina moja lililokatwa hutoa machipukizi mengi. Isitoshe, matawi yake yakilala juu ya udongo wenye unyevu hutoa mizizi. Kuyaacha yamelala kulikuwa sawa na kuyapanda.

Ifuateni hivi. Fanyeni kazi siku moja au mbili baada ya mvua, udongo ukiwa laini. Kateni matawi ya juu kwanza, mkiacha mashina ya urefu wa sentimita 30 hivi. Hayo mabaki ndiyo vishikio vyenu. Legezeni udongo kuzunguka kifundo kwa sululu au mtaimbo, pindueni kisiki upande mmoja, kateni mizizi minene ya upande wa pili, kisha vuteni. Kifundo kikitoka chote, mizizi midogo iliyobaki ndani si ya kuhangaikia. Kung'uteni udongo uliong'ang'ania na muurudishe shimoni, mkanyage kwa buti, mfunike kwa majani makavu. Kisiki msikiweke chini: kitundikeni kwenye panda ya mti au juu ya mwamba, mizizi ikiangalia juu, mpaka kikauke kabisa.

Miche midogo inayofika chini ya goti hung'olewa kwa mkono. Shikeni karibu kabisa na udongo. Ukivuta kwa juu unabaki na jani mkononi na mmea unabaki ardhini.

Kabla ya kukata, tazameni matunda. Yale mabichi ya kijani yana sumu na yasichezewe na watoto. Yale yaliyoiva, meusi, ndiyo ndege wanayokula na kusambaza mbegu. Kateni vichala vyenye matunda meusi, vitieni kwenye mfuko kwanza, ndipo mwendelee na tawi. Kazi hii ni ya dakika chache kwa kila kichaka, nayo inawapunguzia miche mingi ya msimu ujao.

Kuna mahali ambapo hamtakiwi kung'oa: kingo za mto na miteremko mikali. Hapo mizizi ya lantana ndiyo inayoshika udongo kwa sasa. Kateni usawa wa ardhi, pangeni matawi yaliyokwisha kukauka, yasiyo na mbegu, kukingama mteremko ili yazuie udongo, na mrudi kukata machipukizi kila baada ya wiki 4 hadi 6. Machipukizi yakikatwa kabla hayajafika urefu wa mkono, akiba iliyo kwenye mizizi huisha yenyewe, huku mimea ya asili ikianza kushika nafasi.

Pia msimalize vichaka vyote mara moja hata kama mnaweza. Ndege na wanyama wadogo wameshajizoeza kujificha humo. Acheni baadhi ya vichaka vikiwa vimesimama hadi kile kipande cha kwanza kipate kivuli chake, na kabla ya kukata chungulieni ndani kama kuna kiota chenye mayai au mzinga wa nyuki. Vikiwemo, wekeni utepe na mpite mbali.

SWALI: Mimi ni mwalimu mlezi wa klabu ya mazingira. Njia tunayoihudumia imeota gugu karoti. Ninataka kuwapeleka wanafunzi wakaling'oe. Kuna tahadhari gani?
Mwalimu

JIBU: Mwalimu, tunakuomba usiwapeleke. Gugu karoti lina kemikali inayoamsha mzio wa ngozi, na chavua yake huwasumbua wenye pumu na wenye mafua ya mzio. Ubaya wake ni kwamba mtu anaweza kuligusa leo asione kitu, akaligusa tena na tena, na baadaye mwili wake ukalikataa moja kwa moja. Mtoto akishafika hapo, atavimba na kuwashwa kila akikutana nalo. Wanafunzi wape kazi ya kulitambua, kuliwekea alama na kuhesabu. Kung'oa ni kwa watu wazima wasio na pumu wala mzio, waliovaa mikono mirefu, suruali iliyochomekwa ndani ya buti, barakoa, miwani ya kukinga macho na glavu za mpira. Glavu za kitambaa hazifai, utomvu hupenya. Nguo za siku hiyo zifuliwe peke yake.

Kulitambua si vigumu. Likiwa changa hulala chini kwa duara, majani yake yamechanika kama ya karoti. Baadaye hutoa shina lenye mifereji na matawi mengi juu, na maua meupe madogo. Chukua kichwa kimoja cha ua ukiangalie kwa karibu: upana wake ni milimita 4 hivi, na kwenye ukingo wake kuna pembe 5. Chini ya kila pembe kuna mbegu moja. Kichwa kimoja ni mbegu 5, na mmea mmoja mkubwa unaweza kuwa na vichwa vingi hata mbegu zikapita 10,000.

Ndiyo maana wakati ndio kila kitu. Linaweza kuchanua ndani ya wiki 4 hadi 6 baada ya kuota, kwa hiyo mpango wa "mwisho wa mwezi" umeshachelewa. Liondoeni likiwa bado duara la majani au shina lisilo na ua. Ling'oeni pamoja na mzizi mkuu. Shina likikatika juu ya ardhi, sehemu iliyobaki hutoa matawi mapya na kuchanua haraka zaidi. Mkilikuta limeshachanua, msilivute kwa nguvu, maana mbegu zitamwagika. Visheni kila mmea mfuko wa plastiki kutoka juu, ufungeni chini ya matawi, ndipo mng'oe.

Mkitoka hapo, pigeni brashi soli za viatu, meno ya majembe na matairi ya toroli kabla hamjahama. Mbegu husafiri kwenye tope. Tumeona njia nyingi ambazo gugu hili limepanga mstari ukingoni mwa kijia tu, hatua moja au mbili kutoka katikati, na hakuna aliyelipeleka hapo ila miguu ya watu.

SWALI: Dungusi, aina ya kakati, limeota kando ya njia. Tulilikata vipande kwa panga na kuvirusha bondeni. Sasa kule bondeni kuna madungusi mengi.
Kijana wa kujitolea

JIBU: Kila bapa la dungusi, yaani kile kipande chake kipana cha kijani, ni mche. Hata kipande kilichokatika nusu hukaa juani wiki kadhaa bila kufa, kisha hutoa mizizi upande uliogusa ardhi. Kwa hiyo panga ni kifaa cha mwisho hapa. Tandikeni turubai chini ya mmea kwanza. Tenganisheni bapa kwenye kiungo chake kwa kisu kirefu, huku mwingine akilishika kwa kibanio, na kila kipande kiangukie kwenye turubai. Chimbeni shina la chini pamoja na mizizi. Kisha mpite mara mbili mkiangalia chini, pamoja na soli za viatu vyenu, kutafuta vipande vilivyobaki. Gunia halifai kubebea. Miiba hutoboa na kumchoma mbebaji mgongoni. Tumieni ndoo ngumu au toroli. Vipande vifukiwe kwenye shimo refu, udongo wa juu usipungue mita 1. Au virundikwe juu ya mwamba na kufunikwa kwa plastiki nyeusi nzito kwa miezi, hadi vioze kabisa.

Ile miiba mikubwa inaonekana. Inayoumiza zaidi ni vile vinyoya vidogo vya rangi ya dhahabu kwenye madoa ya bapa. Vikiingia kwenye ngozi usisugue wala usifute kwa kitambaa. Toa mafungu makubwa kwa kibano, kisha paka gundi nyeupe ya karatasi, weka kipande cha shashi juu yake, acha ikauke, bandua. Usikaribishe mkono machoni kabla ya hapo.

Jambo moja la kuangalia kabla ya kukata: kama mabapa yana pamba nyeupe inayotoa maji mekundu ikibonyezwa, huyo ni mdudu wa kochinili, anayefyonza dungusi hadi linyauke. Mmea huo uacheni. Mdudu anawasaidia na kutoka hapo atahamia mingine. Wadudu wameshafanya kazi kubwa kuliko mapanga yote: Australia ilikuwa imefunikwa na dungusi katika zaidi ya hekta milioni 20, na nondo aliyeletwa kutoka Argentina na kuachiwa mwaka 1926 aliliangamiza karibu lote katika miaka michache. Lakini msihamishe mdudu wenyewe kutoka mahali kwenda pengine. Kuna watu wanaolima aina za dungusi kwa chakula na malisho, na uamuzi huo ni wa mamlaka ya kilimo na mimea.

SWALI: Miti vamizi mikubwa tuikate au tuichune gome? Tumesikia yote mawili.
Kiongozi wa kikundi

JIBU: Inategemea mti na mahali uliposimama. Kuchuna gome kuzunguka shina hufaa kwa mti ulio mbali na njia. Ondoeni mkanda wenye upana usiopungua sentimita 30, mkwangue hadi mbao ngumu ionekane, na ule utando laini wenye utelezi uishe wote. Ukiachwa mstari mwembamba kama kidole, mti huziba kidonda na kuendelea kuishi. Mti utachukua miezi kufa, na machipukizi chini ya mkanda yakatwe kila yakitokea. Faida yake ni kwamba kivuli hupungua polepole na mimea ya chini haishtuliwi na jua la ghafla.

Mti ulio karibu na njia usichunwe kamwe. Mti mfu huangusha matawi bila taarifa. Pimeni: kama ukianguka unaweza kuifikia njia, ukateni ukiwa hai, na akate mtu aliyefundishwa kutumia msumeno.

Mathenge, ambao wengine huuita mrashia, ni habari nyingine. Macho yake ya kuchipua yapo chini kidogo ya ardhi, kwa hiyo ukikatwa juu hugeuka kichaka chenye mashina mengi. Fukueni na mkate chini ya usawa wa ardhi, sentimita 10 kwa mti mchanga na hadi 30 kwa mkubwa. Miiba yake hupenya soli nyembamba na matairi ya toroli, kwa hiyo reki ipite kabla ya njia kufunguliwa. Maganda yake matamu huliwa na mifugo, na mbegu hutoka nzima kwenye kinyesi. Mkiona miche imeota kwa mafungu njiani, jueni mifugo inapita hapo. Ongeeni na wachungaji.

Dawa ya kuua magugu hupakwa kwenye kisiki ndani ya dakika chache baada ya kukata, kabla hakijakauka. Hata hivyo kazi hiyo waachieni waliofundishwa na walioruhusiwa na msimamizi wa eneo, na isifanyike karibu na maji.

SWALI: Katika kuokota takataka tumekuta sindano zilizotumika. Tufanyeje?
Mama wa watoto wawili, mjumbe wa kikundi

JIBU: Mama, kwanza watoto wote warudi nyuma, na mtu mmoja mzima tu ashughulike. Awe na chombo cha plastiki ngumu chenye kifuniko cha kuzungusha. Chombo kiwekwe chini, karibu na sindano, kisimame chenyewe. Kisishikwe kwa mkono wa pili, kwa sababu wengi hujichoma mkono ule unaoshika chombo. Sindano ishikwe katikati kwa kibanio, itangulize ncha. Isirudishiwe kifuniko chake, isipindwe. Chombo kikifika robo tatu kifungwe na kupelekwa kituo cha afya, si kwenye pipa.

Akitokea mtu kuchomwa, aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka, asilikamue wala asilifyonze, alifunike, kisha aende kituo cha afya papo hapo. Dawa za kuzuia VVU zinapaswa kuanza ndani ya saa 72, na kila saa inayookolewa ina maana. Aulize pia kuhusu chanjo za homa ya ini aina ya B na pepopunda. Kazi ya kikundi isimame mpaka aliyechomwa apate mtu wa kumsindikiza.

Chupa au dumu lenye kimiminika msichokijua msilifungue kulinusa. Wekeni alama, pigeni picha, mjulishe msimamizi.

SWALI: Tunaokota kila mwezi, na kila mwezi takataka zipo pale pale. Msimamizi anasema tuweke mapipa njia nzima.
Mweka kumbukumbu

JIBU: Kabla ya pipa, someni takataka zenyewe. Gawanyeni njia katika vipande vya mita 100 vyenye namba, kama tulivyoeleza kwenye jibu la kwanza. Andika kwa kila kipande aina na idadi ya vitu, si kilo peke yake. Kilo hudanganya: tairi moja hushinda vifuniko vya chupa mia tano. Baada ya miezi mitatu picha itajitokeza. Vifuniko, vichungi vya sigara na karatasi za peremende vikijaa kuzunguka kiti cha kupumzikia, hao ni wapita njia. Mifuko iliyofungwa mafundo chini ya daraja au kwenye kona ya barabara imetupwa kutoka kwenye magari. Na kama plastiki zimenasa kwenye matawi kandokando ya mto, zote kwa kimo kinacholingana, basi zimeletwa na mafuriko kutoka juu. Hapo hata mkiweka mapipa hamsini hayatasaidia. Nendeni mkazungumze na walio juu ya mto.

Mapipa yawekwe pale tu gari au mkokoteni wa taka unapofika, yaani kwenye lango na maegesho, yakiwa na kifuniko kizito dhidi ya wanyama na mvua. Pipa la katikati ya msitu hujaa, watu huweka mifuko kando yake, wanyama huipasua, na mnabaki na jaa jipya mlilolianzisha wenyewe. Kama hakuna jina la mtu na siku ya kulimwaga, pipa lisiwekwe.

Vichungi vya sigara msivipuuze kwa udogo wake. Wengi hudhani ni karatasi au pamba. Vimetengenezwa kwa plastiki.

SWALI: Marundo tuliyokata tuyachome? Na tupande miti gani haraka ili pasibaki patupu?
Mwenyekiti

JIBU: Msichome. Moto huua miche ya asili iliyo karibu, lantana huchipua tena baada ya moto, na udongo ulioungua huwa kitalu cha magugu. Plastiki ikichanganyika humo, moshi wake ni sumu.

Gawanyeni marundo kulingana na uwezo wa kurudi. Matawi yasiyo na mbegu wala mizizi yakishakauka yakatwekatwe na kutandazwa kufunika udongo ulioachwa wazi. Visiki vikaushwe juu ya mawe. Vyenye mbegu vifungwe kwenye mifuko myeusi na kuachwa juani kwa wiki 6 hadi 8 mahali pamoja panapojulikana, ili ikitokea miche iote hapo tu na muione. Msivitie kwenye mboji ya kawaida. Rundo la kikundi mara nyingi halipati joto la kutosha, nyuzi 55 na kuendelea kwa siku mfululizo, hasa pembezoni. Mkisafirisha, funikeni kwa turubai hadi mwisho wa safari.

Kuhusu kupanda, subirini. Mvua za kwanza zikipita, wekeni fremu ya mita 1 kwa 1 mahali kumi tofauti na mhesabu miche ya asili ndani yake. Ikiwepo kwenye fremu nyingi, kazi yenu ni kupalilia kuizunguka, kwa mkono, na kuifungia utepe wa rangi ili mgeni asiing'oe. Pasipokuwa na kitu kabisa ndipo mpande, na miche itokane na mbegu za miti ya eneo hilo hilo. Msishawishike na mlusina kwa sababu ya kukua upesi; nao ni mti vamizi, na maganda yake hutawanya mbegu kila msimu.

Ratiba ya kurudi iandikeni leo, kabla watu hawajatawanyika: wiki 3 baada ya mvua kuanza, kisha kila wiki 4 hadi 6 msimu wote wa mvua, na mara mbili wakati wa kiangazi. Mwaka wa pili nusu ya safari hizo hutosha. Kila mara pigeni picha mkiwa mmesimama kwenye kigingi kile kile, mkielekea upande ule ule. Msifungue kipande kipya cha mita 100 mpaka kile cha nyuma kiweze kupaliliwa na watu wawili ndani ya saa moja.